Damu Isiyoonekana: Picha za Mwanamfalme Leopold na Theolojia ya Msalaba

Ndani ya ngome ya Windsor, nchini Uingereza, kimo kikanisa kilichowekwa kuwa kumbukumbu ya Albert, mume wa Malkia Victoria. Humo imelazwa sanamu ya marumaru ya mwanamume kijana aliyevaa sare ya askari wa nyanda za juu za Uskoti. Mchongaji wake ni Joseph Edgar Boehm. Aliyechongwa ni Leopold, mtoto wa nane wa Malkia na mdogo wa wanawe wa kiume, aliyezaliwa tarehe 7 Aprili 1853 na kufariki tarehe 28 Machi 1884, siku chache kabla ya kutimiza miaka 31. Mgeni asiyeelezwa angedhani kwamba amesimama mbele ya kaburi la shujaa wa vita. Kumbe aliyevikwa sare hiyo hakupigana vita hata siku moja, wala asingaliweza. Kujikwaa tu kulitosha kumlaza kitandani kwa majuma mengi. Alikuwa na hemofilia, yaani maradhi ya damu isiyoganda.

Yafaa tuondoe mkanganyiko mmoja mapema. Leopold huyu si yule Leopold wa Pili wa Ubelgiji ambaye watu wa Kongo wanalikumbuka jina lake kwa uchungu. Wote wawili walipewa jina la mtu mmoja, Leopold wa Kwanza wa Ubelgiji, ambaye kwa huyo mfalme wa Kongo alikuwa baba, na kwa Malkia Victoria alikuwa mjomba. Huyu wetu hakutawala nchi yoyote. Hata mwili wake mwenyewe hakuachiwa autawale.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza picha nne za mwanamfalme huyo na kuzihoji kwa swali moja: picha inapouficha ugonjwa wa mtu, inauficha kwa ajili ya nani? Tunaamini kwamba swali hili si la wanahistoria wa sanaa peke yao. Linamhusu kila mchungaji anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, na kila anayesimama kando ya jeneza.

Ugonjwa usio na sura

Hemofilia hurithiwa. Kwa kawaida mama huubeba bila kuugua, na mwana wa kiume ndiye anayeugua. Malkia Victoria aliubeba, na kupitia binti zake uliingia katika jamaa nyingine za kifalme za Ulaya. Mwaka 2009 wataalamu walioipima mifupa ya jamaa ya kifalme ya Urusi, ambayo mama yao Alexandra alikuwa mjukuu wa Victoria, walitambua kwamba ugonjwa huo ni ule uitwao hemofilia B. Kwa hiyo twaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba ndio uliomtesa Leopold.

Wengi hudhani kwamba mgonjwa wa namna hii huogopa wembe na kisu tu. Mateso makubwa zaidi yamo ndani. Damu huvuja katika viungo, hasa magoti, navyo huvimba, huuma na hatimaye hulemaa. Katika siku za Leopold tiba haikuwapo. Palikuwa na kupumzika, barafu na bandeji, kisha kungoja.

Hapa mchoraji anakutana na tatizo ambalo ukoma au ndui havimpi. Ugonjwa huu hauna sura. Haukai usoni. Zaidi ya hayo, siku damu inapovuja mgonjwa hawezi kwenda kwa mpiga picha wala kusimama mbele ya mchoraji. Hupigwa picha siku anapoweza kusimama. Basi kila picha ya Leopold ni picha ya siku njema, na siku mbaya, ambazo zilikuwa nyingi, hazina ushahidi. Hatuwezi kusema kwamba picha hizo ni za uongo, kwa kuwa siku njema nazo zilikuwa zake. Lakini yeye azikusanyaye siku njema peke yake na kuziita maisha ya mtu, huyo ametunga maisha mengine.

Mtoto katikati ya nyumba iliyojaa

Picha ya kwanza ilipigwa na Leonida Caldesi mwezi Mei 1857 penye nyumba ya Osborne. Malkia na mumewe wako pamoja na watoto wao wote tisa, na Beatrice mchanga yumo mikononi mwa mama yake. Leopold, mwenye umri wa miaka minne, yuko kati ya kaka yake mkubwa na dada yake Louise. Makusudi ya picha ni dhahiri. Ni Zaburi ya 128 iliyotiwa katika kamera, ile ya watoto waizungukao meza kama miche ya mizeituni. Nyumba imebarikiwa na kiti cha enzi kina warithi wa kutosha.

Lakini Malkia alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Binti yake wa kwanza alipoolewa Prussia mwaka 1858, mama alimwandikia mara kwa mara, na katika barua za miaka ile alimlalamikia Leopold kwamba ana sura isiyopendeza na hajui kujinyoosha asimamapo, ijapokuwa ana akili. Tukiziweka barua hizo kando ya picha ya 1857, twaona kazi ambayo picha inafanya. Mtoto ambaye mwili wake ulionekana kuitia nyumba dosari amewekwa mahali pake katika safu, na safu yenyewe inaifunika dosari.

Hatuna budi kumtendea haki Malkia. Mwanamke huyu aliyeandika maneno makavu ndiye aliyemlinda mwanawe baadaye kwa hofu kubwa, hata ulinzi ukageuka kifungo. Upendo wake hatuutilii shaka. Tunachokihoji ni lugha aliyokuwa nayo ya kuutazama mwili dhaifu. Ilikuwa lugha ya fahari ya nyumba, na lugha hiyo haina neno la heshima kwa goti lililovimba.

Arusi iliyotulia mno

Picha ya pili ni mchoro mkubwa wa William Powell Frith, uliokamilika mwaka 1865, unaoonyesha arusi ya mrithi wa kiti cha enzi huko Windsor tarehe 10 Machi 1863. Leopold alikuwa karibu kutimiza miaka kumi, naye pamoja na kaka yake Arthur walivikwa mavazi ya Kiskoti ambayo huacha miguu wazi. Yasimuliwa sana kwamba mpwa wao Wilhelm wa Prussia, mtoto wa miaka minne, alichoka na ibada akaanza kuwauma miguu wajomba zake hao. Kwa watoto wengine jambo hili ni la kuchekesha. Kwa mtoto mwenye hemofilia, jino la mtoto mwenzake ni hatari.

Huyo Wilhelm ndiye aliyekuja kuwa Kaisari wa Ujerumani mwaka 1888, ambaye kwa jina lake babu zetu walitawaliwa hadi Vita Kuu ya Kwanza. Naye alikuwa na mwili wenye siri. Mkono wake wa kushoto uliumia wakati wa kuzaliwa, ukabaki mfupi na dhaifu, na katika picha zake za baadaye ulifichwa kwa ustadi, mara juu ya mpini wa upanga, mara ndani ya mkunjo wa vazi. Kwa hiyo arusini mle walikuwapo wana wawili wa kifalme ambao maisha yao yote miili yao ingehitaji kusitiriwa mbele ya wachoraji. Mchoro wa Frith umejaa hariri na nuru, na hakuna anayeumia. Ni kazi ya mkono hodari sana, nasi hatumnyimi sifa yake. Ila utulivu wake ni ule wa theolojia ya utukufu: yote yaliyo dhaifu yamekwisha kuondolewa kabla mtazamaji hajafika.

Mwanafunzi wa Oxford

Picha ya tatu yatudai tupunguze mwendo. Mwezi Novemba 1872 Leopold aliingia Chuo cha Christ Church, Oxford, baada ya kumsihi sana mama yake, ambaye hakupenda atoke machoni pake. Majira ya baridi ya mwaka 1874 kuingia 1875 aliugua homa ya matumbo pamoja na kutokwa na damu, akakaribia kufa. Akapona. Mwezi Juni 1875 akapigwa picha na Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati chuoni hapo na shemasi wa Kanisa la Uingereza tangu 1861, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Lewis Carroll, mwandishi wa hadithi za Alice.

Upigaji picha wa siku zile haukuwa jambo la kufumba na kufumbua. Kioo kilipakwa dawa, kikaingizwa katika kamera kingali kibichi, na anayepigwa picha alipaswa kutulia kwa sekunde kadhaa bila kutikisika. Kijana aliyetoka kitandani miezi michache kabla alikubali kutulia hivyo mbele ya mwalimu wa chuo alichokuwa amekitamani kuliko ikulu.

Katika picha hii pia hakuna bandeji wala damu. Ugonjwa umefichika kama ulivyofichika mwaka 1857 na 1865. Hata hivyo twathubutu kusema kwamba katika picha hizi nne hii ndiyo ya kweli zaidi. Katika zile za kwanza Leopold aliwekwa na wengine: aliwekwa katika safu, akawekwa katika vazi, akawekwa katika arusi ya mwingine. Katika hii yumo mahali alipopachagua yeye na kupapigania. Ugonjwa haujakanushwa hapa. Umewekwa nyuma na mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na neno jingine la kusema juu yake mwenyewe, nalo ni kwamba yeye ni mwanafunzi.

Tofauti hii ndiyo kiini cha hoja yetu. Kuficha si tendo la namna moja. Kuna kuficha kunakoihifadhi heshima ya nyumba, na kuna kunyamaza ambako mgonjwa mwenyewe anakutumia ili asiwe jina la ugonjwa wake. Mtazamaji asiyezitofautisha hizi mbili atakosea mara mbili: atasifu ambapo alipaswa kuhoji, na atahoji ambapo alipaswa kuheshimu.

Sare ya marumaru

Sasa turudi Windsor, penye sanamu ya Boehm. Miaka tisa ya mwisho ya Leopold ilikuwa ya kujitahidi. Mwaka 1878 alikataa kumfuata mama yake Balmoral, akaenda Paris, na jambo hilo likawa fitina kubwa nyumbani. Alimsaidia Malkia katika kazi za ukatibu, akawa mlezi wa shughuli za elimu na fasihi, akaomba apewe utumishi mbali na nyumbani, akakataliwa. Tarehe 27 Aprili 1882 alimwoa Helena wa Waldeck na Pyrmont, naye siku ya arusi alikuwa akichechemea kwa goti bovu. Mwaka uliofuata walipata binti.

Mwezi Machi 1884 alikuwa Cannes, kusini mwa Ufaransa, akiikimbia baridi ambayo iliviumiza viungo vyake. Mji huo ulikuwa na kumbukumbu nzito kwake. Mwaka 1861, akiwa na miaka minane, alipelekwa huko kwa ajili ya afya yake, na akiwa huko baba yake alifariki Windsor tarehe 14 Desemba. Mzee aliyekabidhiwa kumtunza, Sir Edward Bowater, naye alifia Cannes siku iyo hiyo. Miaka 22 baadaye, tarehe 27 Machi 1884, Leopold aliteleza katika nyumba ya klabu mjini humo, akaumia goti na kugonga kichwa. Alfajiri ya siku ya pili akafa. Mkewe alikuwa mja mzito, na mwana wao alizaliwa mwezi Julai.

Baada ya hayo yote, marumaru ilisema nini? Ilisema: askari. Twaelewa kwamba alikuwa na cheo cha heshima katika jeshi, na kwamba wana wa kifalme walizikwa hivyo. Lakini cheo cha heshima si maisha. Vita vya Leopold vilipiganwa kitandani, ngazini na penye meza ya mama yake, na silaha yake ilikuwa fimbo ya kutembelea. Kama fimbo ile ingalilazwa kando yake katika marumaru, kikanisa kile kingalihubiri. Badala yake sare imemtukuza kwa ushujaa ambao hakuwa nao, na kwa kufanya hivyo imemnyima ule aliokuwa nao.

Kile ambacho msalaba hukitaja

Katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, Martin Luther aliwatofautisha wanatheolojia wa utukufu na wanatheolojia wa msalaba. Wale wa kwanza huyabadilisha majina ya mambo, baya likaitwa jema na jema likaitwa baya. Wale wa pili huliita kila jambo kwa jina lake. Tukiitumia kanuni hii kwa sanaa, swali la kuuliza juu ya picha ni kama mambo ndani yake yamepewa majina yake. Urembo huja baadaye.

Miaka ile ile sanaa ya Kanisa ilikuwa imetoa mfano. Kati ya 1512 na 1516 Matthias Grünewald aliichora madhabahu ya Isenheim, ambayo sasa imo katika mji wa Colmar. Ilikuwa ya monasteri iliyowauguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni, uliotokana na kula nafaka yenye kuvu wa sumu. Kristo aliyesulibiwa katika mchoro ule ana ngozi iliyojaa vidonda. Mgonjwa aliyeletwa mbele ya madhabahu ile aliuona mwili unaofanana na wake ukiwa mahali patakatifu kuliko pote. Pale udhaifu haukufichwa, kwa sababu Mungu mwenyewe hakuuficha.

Hata hivyo tusije tukaruka kutoka shimo moja tukaangukia jingine. Isiwe tukadai kwamba kila picha ya mgonjwa ionyeshe kidonda. Mwaka 1868 jarida la Chama cha Madaktari wa Uingereza liliandika habari za kutokwa damu kwa Leopold, na nchi nzima ikaweza kuyasoma mambo ya mwili wa kijana wa miaka kumi na minne. Huko nako si kusema kweli kwa namna ya msalaba. Kristo alivionyesha vidonda vyake kwa Tomaso kwa hiari yake mwenyewe. Hakuna mwanafunzi aliyemvua vazi.

Kipimo tunakipata katika Injili ya Marko 5:25-34, na tazama jinsi kilivyo karibu na habari yetu. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili alikuja kwa siri, akaponywa kwa siri. Yesu hakuutangaza ugonjwa wake mbele ya makutano. Aliuliza tu, akangoja. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyekuja na kumweleza yote. Ndipo Bwana akamwita binti. Kweli ilisemwa, lakini ilisemwa na kinywa cha aliyeteseka, na mwisho wake ulikuwa jina la jamaa, si jina la ugonjwa. Twaona hapa mambo matatu yanayokwenda pamoja: kweli isizimwe, mwenye mwili ndiye aseme, na asemapo apewe mahali nyumbani.

Kwa kipimo hicho twahukumu hivi. Caldesi na Frith walimpa Leopold mahali lakini si kweli. Jarida la madaktari lilimpa kweli lakini si mahali. Boehm hakumpa hata kimoja, ijapokuwa mkono wake ulikuwa wa fundi mkubwa. Dodgson, bila kuhubiri neno lolote, alimwacha akae kama alivyotaka kuonekana.

Hitimisho: picha iliyo juu ya jeneza

Kwa nini jarida la chuo cha theolojia lijishughulishe na mwana wa Malkia aliyekufa mwaka 1884? Kwa sababu katika sharika zetu picha huchaguliwa kila juma. Mtu anapofariki, jamaa hutafuta picha yake nzuri, mara nyingi ile ya arusi au ya kipaimara, wakaiweka mbele ya jeneza. Kisha husomwa wasifu wa marehemu. Miaka minane ya figo, ya sikoseli, ya kisukari au ya virusi vya Ukimwi hufupishwa katika sentensi moja kwamba aliugua kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo sare ya marumaru ya kwetu. Imeshonwa kwa upendo, kama ile ya Windsor, lakini huzika ushuhuda pamoja na mwili: saburi ya mgonjwa, usiku wa mama aliyemgeuza kitandani, sala zilizosaliwa bila kujibiwa kama zilivyotarajiwa. Na mgonjwa mwingine aliyeketi kwenye benchi la nyuma, akisikiliza, hujifunza kwamba Kanisa halina neno kwa maisha yake.

Hatumshauri mchungaji atangaze siri za wafu. Tunamshauri afanye kazi yake mapema, angali mgonjwa ana kinywa. Aulize kama Bwana alivyouliza, kisha angoje. Amwulize mgonjwa angependa akumbukweje, na ni lipi katika ugonjwa wake angetaka lisemwe mbele ya ndugu. Akisema lisemwe, lisemwe. Akisema linyamaziwe, linyamaziwe, nasi tujue kwamba limenyamaziwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya fahari ya nyumba. Leopold hakuulizwa hivyo na wale waliomvika marumaru. Wagonjwa wa sharika zetu wangali hai, na waweza kuulizwa juma hili.